Ukila bhajia, nani analipa bei ya dengu?

SOMO LA WIKI

Mfanyabiashara anayeingia katika mgahawa wa vyakula vya barabarani vya Kihindi huona soko zima la bidhaa limepangwa juu ya meza moja. Juu ya sahani ya bhel puri kuna mchele uliopasuliwa, viazi, vitunguu, ukwaju, sukari guru, giligilani na nyuzi nyembamba za sev zilizokaangwa kwa unga wa dengu. Bhajia ni unga wa dengu tena, viazi tena na mafuta. Bakuli la chole ni dengu nzima zilizochemshwa, na pav bhaji ni viazi, nyanya na siagi juu ya sufuria bapa, zinazoliwa kwa mkate mdogo laini. Vinywaji ni chai ya maziwa au maji ya ndimu. Hakuna kitu cha anasa hapo. Karibu kila kilichomo kinauzwa kwa gunia au kwa dumu katika soko lolote la jumla la Afrika Mashariki.

Kwa sababu hiyo mgahawa wa aina hii ni darasa zuri kwa wasomaji wa ukurasa huu. Wiki hii tutautumia kujifunza jambo moja ambalo wafanyabiashara wengi hulijua kwa kuumia, nalo ni hili: bei ya mali ghafi inapobadilika, nani katika mnyororo anaubeba mzigo? Jibu halimwangukii aliye maskini zaidi wala tajiri zaidi. Humwangukia yule aliyebaki bila la kufanya.

Kabla ya hesabu, neno moja juu ya majina. Tukisema dengu hapa tunamaanisha zile za rangi ya kahawia zinazolimwa kwa wingi Shinyanga, Simiyu na Mwanza, ambazo unga wake ndio wa bhajia. Msomaji wa Kenya anapoagiza ndengu huletewa nafaka ndogo ya kijani ambayo Tanzania tunaiita choroko. Kuna watu waliowahi kupigiana simu kuvuka mpaka kwa biashara ya jina hilo bila kujua kwamba kila mmoja anazungumzia gunia tofauti.

Kutoka mkokoteni hadi mezani

Vyakula hivi vilizaliwa barabarani kwa ajili ya watu wenye haraka na fedha kidogo. Mfano unaojulikana kuliko yote ni vada pav wa Mumbai, yaani donge la viazi lililochovywa katika uji wa unga wa dengu, likakaangwa na kuwekwa ndani ya mkate. Mtu wa pwani yetu akilitazama donge hilo atasema ni kachori. Mkate wenyewe uliletwa India na Wareno, na jina pav limetokana na neno lao la mkate. Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Ashok Vaidya, aliyekuwa na kibanda nje ya stesheni ya Dadar mwaka 1966. Wateja wake walikuwa wafanyakazi waliokuwa wakipita kwenda viwanda vya nguo. Mgomo mkubwa wa viwanda hivyo ulioanza Januari 1982 uliwaacha nje zaidi ya watu 200,000, na wengi hawakurudi tena kazini. Baadhi yao waligeukia sufuria ya mafuta na kuuza chakula kilekile walichokuwa wakikila.

Baadaye chakula hicho kiliingia ndani ya nyumba. Mwaka 2001 kampuni ya Jumboking ilianza kuuza vada pav mjini Mumbai katika maduka yenye nembo moja, na ikapanuka kwa kuwapa watu wengine haki ya kutumia jina lake kwa malipo. Marekani, mgahawa wa Chai Pani wa mji wa Asheville, uliofunguliwa mwaka 2009 na kujulikana kwa chaat za barabarani, ulipewa mwaka 2022 tuzo ya James Beard ya mgahawa bora wa nchi nzima. Dar es Salaam hatuhitaji tuzo. Mtu wa Kisutu na Upanga amekula vyakula hivi tangu utotoni, na Zanzibar urojo umechukua bhajia, kachori na viazi na kuvitia katika mchuzi wa embe hadi mlaji hakumbuki tena kilichotoka Gujarat na kilichotoka Darajani.

Jambo la kibiashara la kuliona katika historia hii ni uchache wa mali ghafi. Orodha ya vyakula ukutani inaweza kuwa na majina 30, lakini jikoni kuna vitu visivyozidi 12 vinavyopangwa upya. Viazi vilevile vilivyochemshwa asubuhi ni bhajia, ni kachori, ni tumbo la puri na ni nusu ya pav bhaji. Chatne ya ukwaju iliyopikwa mara moja hutumika katika sahani 10. Mwenye mgahawa hana haja ya jokofu kubwa la nyama, na kinachobaki katika sahani moja hupata kazi katika nyingine siku hiyohiyo. Mtaji wake unazunguka haraka: ananunua alfajiri, anauza mchana na jioni, na usiku fedha zimerudi mkononi. Mwenye hoteli ya pilau na kuku huota kuwa na mzunguko kama huo.

Kwa upande mwingine uchache huohuo ni hatari. Bidhaa moja ikipanda, haipandi katika sahani moja. Inapanda katika orodha nzima.

Hesabu ya sahani moja

Hebu tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu rahisi ili msomaji aweze kuufuata kwa kalamu. Mgahawa unauza sahani ya bhajia kwa shilingi 4,000. Ndani yake kuna unga wa dengu wa shilingi 400, viazi vya 400, mafuta ya 500, na vitunguu, pilipili na chatne vya 300. Jumla ni shilingi 1,600. Faida ghafi ni 2,400 kwa sahani, yaani asilimia 60 ya bei. Mtu akiishia hapo atadhani mwenye mgahawa anachota fedha.

Lakini kodi ya pango, mishahara, umeme, gesi, maji, leseni na takataka ni shilingi 180,000 kwa siku, na hizo hulipwa hata mvua ikinyesha kutwa. Gawa 180,000 kwa 2,400 utapata 75. Sahani 75 za kwanza ni za mwenye nyumba, wafanyakazi na halmashauri. Akiuza 120, ni 45 za mwisho tu zilizo zake, na faida halisi ya siku ni shilingi 108,000.

Sasa bei ya unga wa dengu ipande mara mbili. Ulikuwa asilimia 10 tu ya bei ya sahani, na mwenye haraka atasema hilo ni dogo. Gharama ya sahani inakuwa 2,000 na faida ghafi inakuwa 2,000. Sahani 90 zinahitajika ili kufikia mahali pa kutopata wala kukosa. Kwa mauzo yaleyale ya 120, faida ya siku inashuka hadi shilingi 60,000. Unga uliokuwa asilimia 10 ya bei umekula asilimia 44 ya faida. Wanaokopesha au kuwekeza fedha katika migahawa wanashauriwa kuirudia hesabu hii mara mbili, kwa sababu wengi huuliza bidhaa fulani ni asilimia ngapi ya mauzo, wakati swali lenye maana ni itachukua asilimia ngapi ya kinachobaki.

Mwenye mgahawa atafanya nini? Anaweza kupandisha bei hadi 4,500. Faida ghafi inakuwa 2,500, na ili arudi kwenye 108,000 anahitaji kuuza sahani 116. Maana yake anaruhusiwa kupoteza wateja wanne tu kati ya 120 kabla hajaanza kuisikia hasara. Hata hivyo ni kosa kuishia hapo, kwa sababu asipopandisha atabaki na 60,000. Kwa bei mpya atapata 60,000 hizo hata akiuza sahani 96. Kwa hiyo kupandisha ni bora kuliko kukaa kimya mpaka pale atakapokimbiwa na wateja 24. Ni mmoja kati ya kila watano. Kila mwenye biashara ya chakula anapaswa kuijua namba yake ya aina hiyo, na ni wachache wanaoijua.

Wengi hawapandishi, na wana sababu. Chakula cha barabarani huuzwa kwa bei inayokaa kichwani mwa mteja, bei ya noti mbili zilizo mfukoni bila kudai chenji. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye mgahawa wa namna hii katikati ya jiji la Dar es Salaam nilimsalimia "Shikamoo mzee" na kumwuliza mbona orodha yake ya bei imebandikwa karatasi juu ya karatasi. "Marahaba kijana," alinijibu, "bei mteja anaikumbuka. Idadi ya bhajia je, wewe ulihesabu?" Sikuwa nimehesabu.

Hiyo ndiyo njia ya pili. Sahani ya bhajia 10 ikawa ya bhajia 9, gharama inashuka kutoka 2,000 hadi 1,800, faida ghafi inapanda hadi 2,200, na kwa sahani 120 faida ya siku ni 84,000. Nusu ya pigo imehamishiwa kwa mlaji, naye hakusikia. Njia ya tatu ni kubadilisha kilichomo, na njia ya nne ni kuisukuma mbele sahani isiyo na bidhaa iliyopanda. Utajua njia ya nne inatumika pale mhudumu anapokuambia, "Kaka, leo pav bhaji ni nzuri sana," kabla hujafungua mdomo.

Kitunguu kikigeuka kabichi

Njia ya tatu ina historia ndefu huko India. Kitunguu ni bidhaa ya kisiasa nchini humo. Soko la Lasalgaon, wilaya ya Nashik, hutazamwa na nchi nzima kama sisi tunavyotazama bei ya sukari kabla ya Ramadhani, na kushindwa kwa chama tawala cha Delhi katika uchaguzi wa mwaka 1998 kulihusishwa sana na bei ya vitunguu. Serikali hufunga mlango wa kuuza nje kila bei inapowaka: ilifanya hivyo Septemba 2019, na tena Desemba 2023 hadi Mei 2024. Katika vipindi kama hivyo, wauzaji wa chaat hupunguza kitunguu na kuongeza kabichi au figili iliyokatwa nyembamba. Mlaji hutafuna kitu chenye mlio uleule, anaona pamepungua ukali kidogo, anamaliza sahani.

Mafuta hayana kabichi yake. India ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote duniani wa mafuta ya kula kutoka nje, hasa ya mawese. Indonesia ilipozuia mauzo ya mawese nje kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei 2022, kila sufuria ya kukaangia kutoka Mumbai hadi Mombasa ilipata habari. Kinachofanyika jikoni wakati huo hakipendezi kuandikwa katika ukurasa wa biashara: mafuta hurudiwa kukaangia. Mlaji mwenye busara aitazame rangi ya sufuria kabla ya kukaa.

Mpaka hapa tumeona kwamba mwenye mgahawa si mtu wa kuonewa huruma sana. Ana vishikio vinne na anaweza kuvigeuza vyote kwa wiki moja. Zaidi ya hayo, kuna jambo ambalo hutokea bei inaporudi chini. Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme alipandisha hadi 4,500, wateja wakazoea, kisha unga ukarudi kwenye 400 yake. Hatarudisha bei kuwa 4,000, wala hakuna atakayemdai. Faida ghafi sasa ni 2,900 na, kwa wateja 120, faida ya siku ni 168,000, kutoka 108,000 ya awali. Bei ya sahani hupanda kwa ngazi, kisha ngazi ikaondolewa. Wakati bei inapanda amegawana maumivu na mlaji, na inaposhuka raha ni yake peke yake.

Sasa twende upande wa pili wa gunia

Dengu iliyosagwa kuwa unga wa bhajia ya Dar es Salaam ni ileile inayopakiwa kwenye makontena kwenda India. India huzalisha na kula mikunde kuliko nchi yoyote duniani, na mavuno yake yakipungua hununua popote. Kwa hiyo bei ya unga katika duka la Kariakoo hufuata bei ya Mumbai hata kama bhajia inaliwa Upanga. Mnunuzi wa dengu wa Shinyanga anaposhangilia, mwenye mgahawa analalamika. Mwenye mgahawa anaposhangilia, yule wa Shinyanga huwa na ghala lililojaa.

Tofauti ni kwamba mwenye ghala hana vishikio vinne. Hawezi kupunguza bhajia kwenye sahani wala kumsifia mteja zao jingine. Ana kilo zake, bei ya siku hiyo na barua ya benki.

Wasomaji wengi wanakumbuka yaliyotokea kwenye mbaazi, ndugu wa dengu. Hazipatikani sana katika sahani ya chaat. Hizo ni za dal na sambar, zinazoagizwa na wale wanaotaka kushiba kwa wali. Baada ya ukame wa miaka miwili mfululizo, Oktoba 2015 bei ya dal ya mbaazi katika miji ya India ilifikia rupia 200 kwa kilo. Afrika Mashariki na Msumbiji watu walipanda mbaazi mpaka kwenye mipaka ya mashamba. Wakulima wa India nao walisoma bei hiyohiyo. Mavuno yao yaliruka kutoka takriban tani milioni 2.5 msimu wa 2015/16 hadi karibu tani milioni 4.9 msimu uliofuata, bei ikaanguka, na tarehe 5 Agosti 2017 serikali ya India ikaweka ukomo: tani 200,000 tu za mbaazi kutoka nje kwa mwaka wa fedha. Kwetu Agosti ni mwezi ambao mbaazi za Babati na Kondoa zinaanza kuingia magunia. Tangazo lilikuta mzigo mwingine njiani na mwingine tayari umenunuliwa kwa bei ya matumaini.

Msumbiji haikuumia kwa kiasi kilekile. Julai 2016, wakati wa bei kali, ilikuwa imetia saini makubaliano ya kiserikali na India ya kuuza mikunde, kuanzia tani 100,000 na kupanda hadi 200,000 baada ya miaka mitano, na shehena hizo ziliachwa nje ya ukomo. Tanzania haikuwa na karatasi kama hiyo kwa mbaazi zake. Hili ni somo la serikali zaidi kuliko la mfanyabiashara, lakini mfanyabiashara alipaswa kuuliza.

Dengu zilipita njia nyingine, na hapa pana utamu kwa anayependa kuchunguza. India haikuziwekea ukomo wa tani bali ushuru: asilimia 30 Desemba 2017, 40 Februari 2018, 60 mwezi Machi mwaka huohuo. Wengi walidhani ni mwisho. Lakini Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni zinazofaidika na mpango wa India wa mwaka 2008 wa kupunguza na kufuta ushuru. Dengu za Australia, zilizokuwa zikitawala soko hilo, zilikutana na ukuta wa asilimia 60; za Tanzania zikapita mlango wa pembeni. Ushuru mkubwa wa India ukawa baraka kwa Shinyanga.

Ndipo Mei 2024, dengu zilipopanda bei India, serikali yao ikaufuta ushuru huo kwa wote. Mlaji wa bhajia Mumbai alifurahi. Australia ikarudi na meli kubwa. Faida aliyokuwa nayo Mtanzania ikayeyuka bila mtu yeyote kumgusa. Aprili 2025 ushuru ukarudi, lakini kwa asilimia 10 tu. Anayesoma habari kwa kichwa chake cha juu angesema kufuta ushuru ni habari njema kwa muuzaji wa nje, kumbe kwa muuzaji aliyekuwa hatozwi ilikuwa habari mbaya.

Kuna na kabichi ya dengu. Njegere za njano kutoka Canada na Urusi husagwa na kuchanganywa katika unga, nazo huchemshwa kuwa ragda, ule mchuzi mzito unaotiwa ndani ya pani puri za Mumbai. Desemba 2023 India iliziruhusu kuingia bila ushuru kwa kusudi hasa la kupoza bei za mikunde. Zikaingia kwa wingi mpaka wakulima wa India wakalalamika, na kuanzia tarehe 1 Novemba 2025 zikawekewa ushuru wa asilimia 30. Yaani kile anachofanya muuzaji wa chaat kwa kitunguu, serikali ya India iliifanyia dengu, kwa makontena badala ya kisu.

Mwenye ghala na hesabu yake

Turudi kwa mfano wa kubuni. Mfanyabiashara ananunua tani 50 za dengu kwa shilingi 1,800 kwa kilo. Ni shilingi milioni 90. Milioni 40 ni zake, milioni 50 ni za benki. Bei inashuka hadi 1,200. Mzigo sasa ni wa milioni 60. Akiuza na kulipa benki anabaki na milioni 10. Bei imeshuka kwa theluthi moja, mtaji wake umeshuka kwa robo tatu, na hapo hatujagusa riba, magunia, dawa ya wadudu na kodi ya ghala. Linganisha na mwenye bhajia, ambaye unga ulipopanda mara mbili alipunguza faida ya siku lakini hakupoteza sufuria.

Afanye nini? Wapo wanaosema asubiri, bei itapanda. Kusubiri ni dau, na kalenda ya India haimsubiri. Dengu za India hupandwa Oktoba na Novemba na kuvunwa kati ya Februari na Aprili. Mbaazi zao hupandwa mvua za Juni na Julai zikianza, na mavuno yake huingia sokoni kuanzia Desemba. Mbaazi zetu za Agosti hadi Oktoba zina dirisha la miezi michache, wakati ghala za India zimepungua na mavuno mapya bado yapo shambani. Anayezishika hadi Januari akitumaini bei bora anaupeleka mzigo wake kukutana uso kwa uso na mavuno ya Maharashtra na Karnataka. Taarifa za kiasi gani kimepandwa India hutolewa kila wiki msimu wa kupanda na magazeti yao ya biashara huzichapa. Dalali asiyezifuata ananunua akiwa amefumba macho.

Aidha, matangazo ya India ya misamaha ya ushuru mara nyingi huwa na tarehe ya kuisha. Tarehe hiyo iandikwe juu ya mkataba, na mkataba useme waziwazi nani atabeba ushuru ukibadilika meli ikiwa baharini. Mnunuzi wa Mumbai anayekataa kabisa kifungu hicho anakuambia anachokitarajia.

Kwa upande wetu, Serikali imesukuma mbaazi na dengu ziuzwe kwa stakabadhi ghalani na katika minada ya Soko la Bidhaa Tanzania. Wapo wanunuzi wadogo walionung'unika kwamba walizoea kununua mlangoni mwa mkulima. Manung'uniko yao yana ukweli kidogo, lakini mnada una faida moja ambayo hawaitaji: bei inaonekana. Mwaka 2017 kila mtu alikuwa na bei yake ya kusikia.

Mimi binafsi ningempa mwenye ghala ushauri mwingine, ambao hauhitaji meli. Wasagaji wa unga wa dengu wapo hapahapa nchini, na nyuma yao kuna mamia ya migahawa, mama wa bhajia za jioni na wauza viazi karai wa pwani. Hao hawanunui tani 50, lakini hawafungwi na tangazo la New Delhi. Mwenye ghala na mwenye mgahawa wanaogopa vitu viwili vilivyo kinyume: mmoja anaogopa dengu kushuka, mwingine anaogopa dengu kupanda. Watu wa namna hiyo ndio wanaofaa kufunga bei mapema. Tani 10 kati ya zile 50 zikiuzwa kwa msagaji kwa 1,750 kwa mkataba wa miezi sita, mwenye ghala ana milioni 17.5 zisizotegemea bahari. Bei iliyobaki ikianguka hadi 1,200, tani 40 zitampa milioni 48. Jumla ni milioni 65.5, na baada ya benki anabaki na 15.5 badala ya 10. Si utajiri, lakini msimu ujao anaweza kununua tena. Naye msagaji anaweza kumwahidi mwenye mgahawa bei ya unga ya nusu mwaka, na karatasi juu ya karatasi zikapungua ukutani.

Kwa mwekezaji mdogo anayeuliza kama fedha ziko kwenye gunia au kwenye sahani, India imetoa dokezo. Haldiram's ilianza mwaka 1937 kama duka la bhujia, ndugu wa sev, katika mji wa Bikaner. Machi 2025 Temasek, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Singapore, uliingia kununua hisa zake takriban asilimia 10, kwa thamani ya kampuni nzima iliyoripotiwa kuwa karibu dola bilioni 10. Bhujia hutengenezwa kwa unga wa dengu na wa choroko-dume, na kampuni haijawahi kulima hata moja. Ina kile alichokuwa nacho mzee wa bhajia 9, kwa ukubwa wa nchi: paketi ambayo mteja anakumbuka bei yake na hapimi uzito wake. Kwa mwenye kupenda kuhakikisha, anunue paketi mbili za vitafunio alizozizoea, moja leo na nyingine baada ya miezi sita, asome gramu zilizoandikwa kwa maandishi madogo chini, halafu aangalie dengu zilikuwa zikiuzwaje katika mnada wa wiki hiyo.